Bolti za gari la kujiundia: ya kawaida, 8.8, 10.9, stenlesi au ya Toyota?

Ukiunda gari lako mwenyewe nyumbani, chesisi ya skwea paipu, injini na giaboksi vya Toyota Mark II au Altezza, bodi ya bati la alumini au faibaglasi, utajikuta una mamia ya bolti za kununua na hakuna kitabu cha kiwanda cha kukuambia ipi iende wapi. Gari la kiwandani lilishafikiriwa na wahandisi, bolti kwa bolti. La kwako, mhandisi ni wewe. Na ukifika Kariakoo au Gerezani, jijini Dar es Salaam, wingi wa vitu unazidi kukuchanganya: kuna bolti za kawaida zinazouzwa kwa kilo, hai tensaili (za chuma kigumu) nyeusi, stenlesi zinazong'aa, na kwenye ndoo yenye mafuta machafu, bolti zilizofunguliwa kwenye magari ya mtumba.

Wengi huchagua aina moja na kuifunga gari zima. Mmoja anaweka stenlesi kila mahali kwa sababu anakaa Kigamboni na anaogopa kutu, mwingine anaweka 12.9 kila mahali kwa sababu namba ni kubwa. Ninachoshikilia mimi ni kwamba bolti huchaguliwa kwa kiungo, na gari moja zuri linaweza kuwa na aina zote tano zilizotajwa hapo juu.

## Tunapima nini

Kigezo cha kwanza ndicho kinachotawala vingine vyote: kiungo hiki kikiachia, nini kinatokea? Gawa viungo vya gari lako katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vinavyoua: wishiboni (mikono ya sasipensheni), boljointi, stelingi, kalipa za breki, propela shafti, viti na mikanda yake. La pili ni vinavyokuacha barabarani: injini, giaboksi, alternata, redieta. La tatu ni vinavyokuudhi tu, yaani bodi, taa, madigadi na kibao cha namba. Kabla hujanunua bolti hata moja, andika orodha ya viungo vyako na fungu la kila kimoja.

Kigezo cha pili ni nguvu. Kichwani mwa bolti ya milimita kuna namba mbili zenye nukta katikati. Ya kwanza ukiizidisha kwa 100 unapata mkazo wa kuikata, kwa megapaskali. Ya pili inakuambia bolti itaanza kuvutika moja kwa moja, bila kurudi urefu wake, ikifika sehemu ngapi kati ya kumi za mkazo huo. Kwa hiyo 8.8 inakatika kwenye 800, na inaanza kuvutika kwenye 640. Stenlesi ina maandishi yake: A2-70 maana yake 700 za kukatika, ila inaanza kuvutika kwenye 450.

Tuziweke kwenye bolti moja ile ile, M10 (kipenyo milimita 10) yenye thredi ya 1.5 (milimita 1.5 kutoka jino hadi jino), ikivutwa moja kwa moja:

| Bolti ya M10 | Inaanza kuvutika | Inakatika |
|---|---|---|
| 4.8 | karibu tani 1.9 | karibu tani 2.4 |
| Stenlesi A2-70 | karibu tani 2.7 | karibu tani 4.1 |
| 8.8 | karibu tani 3.8 | karibu tani 4.7 |
| 10.9 | karibu tani 5.3 | karibu tani 5.9 |

Safu ya katikati ndiyo ya kuangalia sana. Bolti inashika kama ule mpira wa kufungia mzigo kwenye bodaboda: unauvuta kidogo, na mvuto huo ndio unaobana mzigo usiteleze. Bolti isiyoweza kuvutwa vya kutosha haibani vya kutosha. Vyuma viwili vinaanza kuteleza, tundu linapanuka, na bolti inabaki inakatwa ubavuni kila unapopita tuta.

Cha tatu ni kutu. Hewa ya pwani ina chumvi, na gari la wazi lisilo na madirisha linakaa na unyevu kuanzia Machi hadi masika iishe. Anayeishi Msasani, Kunduchi au Kigamboni ana shida kubwa kuliko wa Kimara, ingawa wa Kimara naye hajapona.

Cha nne ni thredi na spana, na hapa magari yetu ya Kijapani yana mambo yao. M10 ya Toyota mara nyingi ina thredi ya 1.25 na kichwa cha spana 14. M10 ya dukani mara nyingi ni 1.5 na inataka spana 17 au 16. Ukiiona kwa macho utadhani ni moja. Inaingia raundi mbili, inakaza, fundi anaongeza nguvu, na thredi za bloku ya alumini zinakufa hapo hapo. Weka bolti mbili ubavu kwa ubavu, meno ndani ya meno, uzielekeze kwenye mwanga. Zikiwa sawa mwanga haupiti popote. Zikitofautiana utaona mianya midogo ikianza kwenye meno ya tatu na ya nne.

Cha mwisho ni uhakika wa chanzo: alama iliyoko kichwani unaweza kuiamini?

## Bolti za kawaida: 4.6 na 4.8

Nguvu. Nusu ya 8.8, kwa makadirio. Nyingi hazina alama yoyote kichwani. Isiyo na alama ihesabu kuwa ya chini kabisa, hata muuzaji akuapie.

Kutu. Zina zinki nyembamba, nyeupe au ya njano. Karibu na bahari haidumu.

Thredi na spana. Thredi pana, spana 10, 13 na 17, zipo kila duka.

Uhakika. Hazikuahidi kitu, kwa hiyo ni vigumu kudanganywa.

Inamfaa nani. Zinafaa fungu la tatu. Kazi yao nyingine nzuri, ambayo watu huisahau, ni kufunga gari kwa majaribio. Gari la kujiundia hufungwa na kufunguliwa mara nyingi kabla ya rangi, na kila ufunguzi unakula bolti. Tumia hizi za bei ndogo wakati wa kupima, na kila moja ipake rangi nyekundu kichwani. Siku ya kufunga kwa kweli, chungulia chini ya gari: palipo na nyekundu bado hapajamalizika.

## 8.8 iliyopakwa zinki

Nguvu. Kwa gari dogo lenye uzito wa kilo mia sita au saba hivi, 8.8 ya kipimo sahihi inatosha karibu kila mahali, pamoja na wishiboni. Ina sifa nyingine isiyoonekana kwenye jedwali: ikizidiwa huvutika na kupinda kabla ya kukatika. Mara nyingi unapata kelele, usukani unalegalega, una muda wa kusimama kando.

Kwenye bushi za wishiboni chagua bolti yenye kiuno laini, ile ambayo thredi zimeishia karibu na ncha. Bushi na mabano vikae juu ya kiuno hicho. Bolti yenye thredi mwili mzima ina unene mdogo kwenye mabonde ya meno, na pia meno yanakula tundu la mabano kama faili. Ukikosa urefu kamili, nunua ndefu zaidi ukate ncha, usinunue ya thredi tupu.

Kutu. Zinki ya kupakwa kwa umeme huwa na unene wa maikroni 5 hadi 8 tu. Inalinda stoo na inalinda kwa muda barabarani, lakini baada ya kukaza lazima upake rangi au grisi juu yake. Zipo pia zilizochovywa kwenye zinki ya moto, zenye koti nene zaidi na rangi ya kijivu isiyong'aa. Hizo hustahimili chumvi vizuri, ila nati yake hukatwa thredi pana kidogo ili ipite juu ya koti. Nati hiyo ukiifunga kwenye bolti ya kawaida inacheza, na ina mshiko mdogo. Ziuzwe pamoja, zifungwe pamoja.

Thredi na spana. Dukani utapata zaidi thredi pana: M8 ya 1.25, M10 ya 1.5, M12 ya 1.75. Kwa mabano unayochomelea mwenyewe hilo halina shida. Kwa chochote kinachoingia kwenye chuma cha Toyota, rudi kwenye kipimo cha mwanga.

Uhakika. Bolti halali ya 8.8 ina vitu viwili kichwani: namba ya gredi na alama ya mtengenezaji, herufi au nembo. Namba peke yake, bila alama ya aliyeitengeneza, inanitia shaka. Ukinunua nyingi kutoka boksi moja, toa moja ya M8 uifanyie jaribio. Pitisha kwenye bomba fupi au rundo la washa, kaza kwa torki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) hadi Nm 25 (nyutoni mita, kipimo cha nguvu hiyo), kisha fungua. 8.8 ya kweli inafika hapo bila kulalamika, na nati inarudi na kupita thredi zote kwa vidole. Ya kawaida iliyopigwa chapa ya uongo itakuwa laini mkononi kabla hujafika, na nati itakwama pale meno yalipovutika. Hiyo uliyoijaribu itupe. Kwa kumbukumbu, 8.8 yenye mafuta kidogo hukazwa takriban Nm 10 kwa M6, 25 kwa M8, 49 kwa M10 na 85 kwa M12.

Inamfaa nani. Anayeunda kwa mara ya kwanza, anayetaka aina moja ya kuanzia kwenye mafungu ya kwanza na ya pili, na yuko tayari kushika brashi ya rangi baadaye.

## 10.9, na neno kuhusu 12.9

Nguvu. Inazidi 8.8 kwa karibu robo kwenye kukatika, na zaidi kwenye kuvutika. Inafaa pale ambapo nafasi hairuhusu bolti nene: flenji za propela shafti, flaiwili, mabano ya kalipa, difu. Lakini nguvu hiyo unaipata tu ukiikaza inavyotaka, karibu Nm 72 kwa M10, na hapo chesisi ya kujiundia inaanza kulalamika. Skwea paipu ya milimita 25 yenye ukuta mwembamba itabonyea kabla bolti haijabana. Dawa yake ni kutoboa paipu, kupitisha bomba nene fupi ndani yake, kulichomelea pande zote mbili, na bolti ipite humo. Kama hutaki kazi hiyo, 10.9 kwenye paipu ni fedha uliyoipoteza, kwa sababu utaikaza kama 4.8. Iwekee pia washa ngumu na nati ya gredi 10. Washa laini huzama chini ya kichwa, na mbano unapotea taratibu.

Kutu. Nyingi huja nyeusi, na weusi ule ni mafuta na rangi ya kemikali. Nje mvua ikinyesha zinashika kutu mapema. Kishawishi ni kuzipeleka kwa wapakaji zinki wa umeme. Usifanye hivyo bila kujua kazi yao. Chuma kigumu hunyonya haidrojeni kwenye ndoo ya kupakia, na bolti iliyokazwa inaweza kukatika ghafla saa au siku kadhaa baadaye bila kuvutika hata kidogo. Viwandani huzioka kwenye tanuri kwa saa kadhaa kuitoa. Hatari inakua kadiri chuma kinavyokuwa kigumu, na kwa 12.9 ni kubwa kabisa.

Thredi na spana. Sawa na 8.8. 12.9 nyingi ni za kichwa cha duara cha kufungulia kwa aleni ki.

Uhakika. Hii ndiyo gredi ninayoiogopa zaidi ikiwa ya bandia, maana anayeinunua anaiweka mahali pa hatari.

Inamfaa nani. Mwenye torki renchi na sababu. 12.9 iache kwa maungio ambayo kiwanda chenyewe kiliitumia.

## Stenlesi: A2 na A4

Nguvu. Rudi kwenye jedwali. Kukatika, A2-70 haiko mbali na 8.8. Kuvutika, inaachwa kwa tani nzima na zaidi. Ndiyo maana naikataa kwenye wishiboni na stelingi hata kama inang'aa vizuri: huwezi kuibana vya kutosha. Haki itendeke, A4-80 ni habari nyingine. Inaanza kuvutika kwenye 600, karibu sana na 8.8. Ukiipata yenye maandishi hayo kichwani na una uhakika nayo, mjadala unabadilika.

Kutu. Hapa haina mpinzani. A2 inahimili mvua na unyevu wa kawaida. A4 ina molibdenamu ndani yake na inahimili chumvi ya moja kwa moja, ndiyo maana hutumika kwenye boti. Kwa mtu wa Kigamboni mwenye gari la wazi, bolti za taa na bodi zisizotoa machozi ya kutu juu ya rangi mpya ni raha ya kweli.

Lakini stenlesi hujilinda yenyewe tu, jirani yake humletea kuliwa. Ikifungwa kwenye bati la alumini na maji ya chumvi yakaingia, alumini ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe kuzunguka tundu, rangi inavimba, kisha tundu linapanuka. Weka washa ya plastiki, paka silanti chini ya kichwa na ndani ya tundu, chuma kisigusane na alumini.

Thredi na spana. Thredi pana za dukani. Tatizo lake ni tabia ya kung'ang'aniana: nati ya stenlesi juu ya bolti ya stenlesi, ikikazwa haraka na mashine, inapata joto, inakwama katikati, haiendi mbele wala hairudi nyuma. Kinachobaki ni grainda. Paka grisi ya kuzuia kukwama, kaza taratibu kwa mkono.

Uhakika. Bebeni sumaku ndogo mfukoni. A2 na A4 huvutwa kidogo tu au haivutwi. Ikinasa kwa nguvu kama msumari, hiyo si A2 wala A4, huenda ni chuma kilichopakwa nikeli au kromu.

Inamfaa nani. Fungu la tatu lote, na sehemu za fungu la pili zisizobeba mzigo mkubwa, kama redieta na tangi. Hasa kwa wanaoishi ufukweni.

## Bolti za Toyota iliyokatwa

Hii ndiyo chaguo letu la kinyumbani, na ndugu zetu wa Uingereza waliouziwa gari dogo la Lotus Seven kwa vipande tangu 1957 hawakuwa na bahari ya Toyota kama sisi.

Nguvu. Toyota ina alama zake. Namba 7 kichwani, au mistari mitatu iliyoinuka, ni 7T: kilo 70 kwa kila milimita ya mraba. Kwa hiyo M10 yake ya thredi 1.25 inakatika karibu na tani 4.3, chini kidogo ya 8.8. Wengi wanaamini bolti ya Toyota ni ngumu kuliko zote. Si kweli kwa kila bolti, na zipo nyingine zilizoandikwa 8, 9, 10 au 11. Ubora wake uko kwingine: mhandisi alishaichagua kwa kiungo kile kile, kwa urefu kamili, kwa kiuno kinachokaa ndani ya bushi ile ile. Ukihamisha injini, giaboksi, difu na kalipa kama zilivyo, hamisha na bolti zake. Angalizo: bolti za inchi za Kimarekani za gredi 5 nazo zina mistari mitatu kichwani, ila zimechongwa kuelekea katikati na thredi zake ni za inchi.

Kutu. Inategemea ilikotoka. Kutu ya juu inayotoka kwa brashi ya waya haina neno. Kutu iliyochimba mashimo, hasa pale kiuno kinapokutana na thredi, inatosha kuitupa.

Thredi na spana. Spana 10, 12, 14, 17 na thredi zinazolingana na vyuma vyako. Nati za magurudumu ni M12 ya 1.5, spana 21. Ipo moja inayowashangaza wengi: bolti za mikanda ya usalama. Hizo ni za inchi, 7/16 yenye meno 20 kwa inchi, hata kwenye gari la Kijapani. M10 inacheza ndani yake na M12 haiingii, hapo ndipo fundi anaposhika tapu (chombo cha kukata thredi upya) na kuharibu kila kitu. Kata kipande cha bodi chenye nati yake ya asili, au nunua nati ya kipimo hicho, uichomelee kwenye bamba nene la chesisi, na utumie bolti zile zile za Toyota.

Uhakika. Hapa unakagua mwenyewe, kwa mikono. Safisha bolti kwa petroli. Pitisha ukucha kando ya kiuno kutoka kichwani kuelekea thredi. Ukucha ukishuka kwenye ngazi, hata ndogo, bushi ilikuwa inaisugua na bolti hiyo imeisha. Kisha chukua nati mpya, izungushe kwa vidole viwili hadi mwisho. Ikipita laini na kubana ghafla sehemu moja, meno ya hapo yamevutika. Ilaze juu ya kioo uizungushe, iliyopinda itacheza. Bolti za silinda hedi, konrodi na flaiwili usizirudishe kwa macho tu, nyingi hukazwa kwa digrii hadi zivutike makusudi. Pima kama kitabu cha injini kinavyosema au nunua mpya.

Na akikosekana mwenzake, usikubali ya kukerezwa. Mafundi wetu wa mashine za lezi ni hodari, lakini bolti waliyoikata kwenye chuma kisichojulikana haina gredi.

Inamfaa nani. Aliyenunua gari zima au nusu yake na kulifungua mwenyewe, akaweka bolti za kila kiungo kwenye mfuko wake ulioandikwa. Zile za kwenye ndoo, zisizojulikana zilitoka wapi, ni bahati nasibu.

## Nati: ipi itabaki imekaza?

Barabara zetu, na matuta yake na kilomita za vumbi za mtaani, hulegeza kuliko lami. Adui ni mtikisiko wa ubavuni, unaofanya vyuma viteleze kidogo kidogo huku nati ikirudi nyuma. Mjerumani Gerhard Junker alilionyesha hilo kwa mashine ya majaribio mwaka 1969, na tangu hapo springi washa imepoteza heshima yake. Ikibanwa inalala bapa, na baada ya hapo ni washa tu. Kwenye fungu la tatu iache, haidhuru. Kwenye la kwanza usiitegemee.

Nati yenye pete ya nailoni ndiyo ya kawaida kwa wishiboni na mabano. Ni rahisi, haihitaji kutoboa chochote. Mipaka yake ni joto, karibu nyuzi 120, na kurudiwa: ukiweza kuizungusha kwa vidole mahali pa nailoni, imekwisha. Hakikisha meno mawili ya bolti yametokeza nje ya nailoni.

Nati ya chuma tupu iliyobinywa kichwani inafanya kazi ile ile bila kuogopa joto. Ndiyo ya manifodi, egzosi na karibu na breki. Inakwangua thredi, kwa hiyo usiifungue ovyo.

Nati yenye mapengo na spliti pini iko kwenye boljointi, tairodi na habu, na ibaki huko. Pini ni mpya kila mara. Tundu lisipolingana, kaza mbele kidogo likutane, usirudishe nyuma.

Gundi ya thredi, ile ya buluu ya nguvu ya wastani kama Loctite 243, inafaa bolti zinazoingia kwenye tundu lisilo na nafasi ya nati: kalipa, flaiwili, propela shafti. Nyekundu inahitaji joto kufungua. Zote zinataka thredi safi, na mafuta ya Gerezani yaliyoko kwenye bolti mpya huoshwa kwanza.

Nati mbili zilizobanana bado zina nafasi kwenye fimbo za kurekebisha. Nyembamba inakaa chini, nene juu yake.

## Kwa hali yako

Kama una Toyota nzima uliyoifungua mwenyewe, bolti zake zifunge viungo vyake, 8.8 mpya ifunge mabano yote uliyochomelea, na nati zote za kujifunga ziwe mpya. Mchanganyiko huu ndio ningeushauri kwa wengi, na ndio wa bei nafuu.

Kama umenunua injini na giaboksi peke yake, bila bolti, peleka vipande vyenyewe dukani au angalau bolti moja ya mfano kwa kila tundu. Usinunue kwa kukadiria. Hapo utahitaji thredi za 1.25 kwa M10 na M12, na muuzaji akisema "hii hii kaka, inaingia", jaribu kwa vidole mbele yake: iende raundi sita au saba bila spana.

Kama unaishi ufukweni, stenlesi A4 kwenye bodi na A2 ndani ya gari. Chini, 8.8 ya zinki ya moto pamoja na nati zake, au 8.8 ya kawaida iliyopakwa rangi baada ya kukazwa. Osha chini ya gari kwa maji yasiyo na chumvi, hasa masika, na kila mwaka fungua bolti moja ya wishiboni uone kiuno chake. Ikiwa na kutu ndani ya bushi, nyingine ziko hivyo pia.

Kama injini yako ina nguvu nyingi au unataka kukimbiza gari kwenye mashindano, 10.9 kwenye propela shafti, difu na kalipa, pamoja na bomba za kuzuia paipu isibonyee. Bila torki renchi, baki na 8.8 na ongeza kipenyo: M12 badala ya M10.

Kama bajeti imebana sana, punguza kwenye bodi. Funga madigadi kwa za kawaida, utazibadilisha ukipata. Torki renchi azima.

Na kama gari lako limeshafungwa tayari, kwa bolti usizozikumbuka ulizipata wapi, huna haja ya kulivunja lote. Anza na mikanda, kisha stelingi, breki, propela shafti, halafu wishiboni, kiungo kimoja kwa wakati, gari likiwa juu ya stendi. Soma kila kichwa. Kisicho na alama kitoke. Ukifunga kipya, chora mstari mmoja wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma, na baada ya safari ya kwanza ya barabara ya vumbi uingie chini na tochi: mstari ukivunjika, nati hiyo imezunguka.